Asmahani Aliyefuta Mizinga

Ukifika Kanyenye, hapa Tabora mjini, ukauliza Tua Mzigo iko wapi, hutapata taabu. Muuza vitumbua atakunyooshea kidole, fundi baiskeli atakunyooshea kidole. "Pale kwa Mzee Nassibu cherehani, mlango wa buluu." Mjini ndivyo tulivyo. Kila kitu kinaelekezwa kwa kidole, na aliyeelekezwa hushukuru akaenda zake.

Tua Mzigo ni ofisi ya kutengeneza tovuti. Mwenyewe ni Asmahani, binti wa huyo Mzee Nassibu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mpole wa sauti. Anaswali swala zake kwa wakati, na akicheka hufunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mtu asiyemjua humwona akadhani ukimsukuma kidogo tu ataanguka.

Wageni wengi hudhani jina la ofisi ni la gesti. Mwenye kulijua vizuri ni baba yake, naye hachoki kulieleza huku mguu ukikanyaga cherehani.

"Babu zetu walikuwa wapagazi," husema. "Walibeba pembe kwenda pwani, wakarudi na vitambaa na shanga. Mpagazi hakuwa na bunduki wala cheo. Lakini akiona amedhulumiwa, alitua mzigo katikati ya njia akaukalia. Msafara mzima unasimama! Mkubwa apige kelele, atukane, aruke juu, mzigo hauna miguu."

Asmahani alilipenda neno hilo tangu utotoni. Alipomaliza kidato cha nne aliajiriwa kwenye duka la intaneti karibu na soko, kazi yake kuchapa barua za watu. Wateja wakipungua, alikuwa akifungua kurasa za watu na kuzichungulia kwa ndani zilivyoungwa, kama baba yake anavyofumua gauni la zamani ili ajue lilivyokatwa. Tovuti yake ya kwanza ilikuwa ya baba yake mwenyewe. Aliweka picha za kanzu na magauni, akaweka na namba ya simu. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Nassibu, siku hizi cherehani yako inashona hewani?"

"Inashona hewani, ndiyo," mzee akawajibu. "Na nyinyi endeleeni kutembea uchi ardhini."

Haukupita muda, mwalimu mmoja wa Urambo akaagiza mashati kwa simu. Vicheko vikaisha.

Basi kazi zikafuatana. Aliwatengenezea maseremala wa milango ya mninga, akahakikisha mteja anaona mshipa wa mbao kama aliyeushika mkononi. Aliitengenezea shule ya awali ya Cheyo ukurasa ambao wazazi wanaona watoto wamekunywa uji gani leo. Kwaya moja ya Urambo ilipata ukurasa wa nyimbo zake, na hapo ndipo alipompata Levina, mwimbaji wa sauti ya pili, mjuzi wa picha na rangi, mwenye mdomo usio na breki. Wakawa wawili ofisini, mmoja na rozari yake droo ya kushoto, mwingine na mswala wake umekunjwa nyuma ya mlango, na hawakuwahi kugombania chochote isipokuwa feni.

Wala hawakujifungia. Siku moja katika juma walikwenda Isikizya kuwafundisha wenye maduka na wafugaji wa kuku kujiweka wenyewe mtandaoni. Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mafundi tovuti wa Tabora, Nzega na Urambo walikutana kwenye ukumbi mmoja pale mjini. Kikao hicho wanakiita Kikaango. Fundi anaonyesha kazi yake mpya ukutani, kisha wenzake wanamkaanga kama karanga. Watasema rangi zake za msibani, maandishi yake ya sisimizi, picha zake zinafunguka mtu keshaoa na kuzaa. Sharti ni moja: mwenye kazi hajibu neno mpaka chai iishe vikombeni. Wameliweka ili fundi ajifunze kusikia. Asmahani alikaangwa mara nyingi, akanyamaza, akaenda kurekebisha.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka ilipokuja kazi ya asali.

Aliyeileta ni Majidi, mtoto wa mtaa uleule, aliyekuwa msimamizi wa kampuni moja inayonunua asali ya misitu yetu na kuipeleka nje. Majidi si mtu mbaya, tusimsingizie. Ila alikuwa mtu wa haraka, mtu wa kumaliza sentensi ya mwenzake.

"Dada Asma, nataka tovuti ambayo mnunuzi wa mbali akikaa kwake, akibonyeza, anaona asali yake imetoka mti gani. Mti! Ramani, na kila mzinga nukta yake. Ukinifanyia hii, vyama vyote vya warina asali vya mkoa huu vitakuja kwako. Nimeshakusemea kwa wakubwa."

Asmahani akamshukuru Mungu, akafunga mkoba, akaenda Ulyankulu.

Huko alipokelewa na mrina asali mmoja, Anakleti Ciza. Wazazi wa Anakleti walitoka Burundi yeye akiwa mtoto wa mgongoni. Sasa ana mvi, ana wajukuu, ana shamba la mahindi, na ana mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miyombo ndani kabisa ya msitu, kila mmoja na chapa yake: mistari miwili na duara. Chapa hiyo ikionekana kwenye mzinga, mrina asali mwingine hata akiwa na njaa hapandi.

"Shikamoo, baba," Asmahani alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona nyuki?"

"Nimekuja kuona mizinga, baba, niwaonyeshe watu."

Anakleti akamkaribisha kwenye kiti. Akampa ugali na maharage. Kesho yake asubuhi akajifanyia ishara ya msalaba, akachukua kamba na panga, akasema, "Haya, nifuate." Alimtembeza mchana kutwa. Kila walipofika chini ya mti wenye mzinga, Anakleti hakunyoosha mkono. Alisimama tu, akainua kidevu, akangoja mpaka mgeni auone mwenyewe. Asmahani akawa anashika simu, anabonyeza, simu inanasa mahali. Alimweleza mzee kwamba zitatokea nukta kwenye ramani. Mzee akaitikia, "Sawa, mwanangu." Aliitikia kama mtu anavyomwitikia mgeni aliyekula kwake. Ramani ya karatasi aliijua, ile ya ukutani shuleni, isiyotoka pale ilipobandikwa.

Ukurasa ulitoka mzuri, haki ya Mungu. Msitu wa kijani, nukta za rangi ya asali. Ukigusa nukta, chapa inatokea na jina la mwenyewe. Levina aliupigia vigelegele. Ulikuwa wa majaribio bado, lakini Majidi alipotumiwa auone hakuweza kujizuia. Akausambaza kwenye makundi yote ya simu aliyomo, kuanzia la kampuni mpaka la harusi ya binamu yake.

Juma halikupita, Anakleti akatokea Kanyenye. Hakupiga simu. Alikuja kwa basi, na gunia kwapani. Aliingia mlango wa buluu, akaamkiwa, akaitikia, akakataa kiti. Akatoa ndani ya gunia kipande cha gome kilichoungua, akakiweka mezani katikati ya kompyuta mbili. Chumba chote kikanuka moshi na asali iliyoungua. Kwenye gome ilisalia mistari miwili na nusu ya duara.

"Wamepanda na mwenge," alisema. "Wezi wasiojua nyuki. Wameua makundi mawili mazima, la mzinga huu na la mwenzake wa pembeni. Walikwenda moja kwa moja, mwanangu. Hawakutafuta. Majani hayakukanyagwa pembeni, njia yao imenyooka kama rula."

Asmahani akaligusa gome, masizi yakabaki kidoleni. 

"Mzinga hauelekezwi kwa kidole," Anakleti akaendelea, bila kupandisha sauti. "Mzinga mtu anapelekwa. Mimi nilifika msitu ule sina kwetu. Mzee wa Kinyamwezi akanishika mkono akanipeleka kwenye mizinga yake, ndipo nikawa mwenyeji. Na mimi nilikupeleka wewe kama nilivyopelekwa. Wewe umesimama barabarani ukaielekezea dunia nzima kwa kidole."

"Baba, sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nimekuja kukwambia. Ungekuwa unajua, nisingekuja."

Akakunja gunia lake. Gome akaliacha pale pale.

Mzee alipotoka, Asmahani alitia udhu, akaswali, akakaa juu ya mswala muda mrefu. Mtu alimpa amana naye akaigawa njiani, na bora asingeipokea. Alipoinuka alikwenda kwenye kompyuta, akaondoa ramani. Kisha akazifuta nukta zenyewe, kwenye kompyuta, kwenye simu, na kila mahali alipoweka akiba.

"Asma, shoga yangu," Levina akasema polepole, "akiba nayo?"

"Akiba nayo."

"Majidi atatutoa roho. Na vyama vya mkoa mzima je? Tutakula nini, nukta?"

"Nukta tulishazila, Levina. Ndizo hizi zinazotutapisha."

Majidi alikuja kesho yake, jasho linamtoka.

"Dada Asma, ramani imekwenda wapi? Jumamosi hii wakubwa wangu wanakuja kwenye Kikaango chenu, wametoka mbali, nimewaahidi!"

Asmahani akamwonyesha lile gome, akamsimulia yaliyompata Anakleti. Majidi akaligeuza, akalirudisha.

"Pole yake sana. Lakini mizinga miwili, dada! Tutamfidia mzee. Huwezi kusimamisha gari la mizigo kwa sababu kuku wawili wamekanyagwa."

"Naweza, kama gari ni langu."

"Si lako. Ni la kampuni."

"Basi dereva ameshuka."

Mzee Nassibu, aliyekuwa akishona upande wa pili wa pazia lililotenga ofisi na chumba chake cha cherehani, akasimamisha cherehani ghafla.  Akakohoa tu, akaendelea kushona, na wote wawili wakajua amesikia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wakubwa wa kampuni walikaa mstari wa mbele, Majidi kando yao ameshika simu kama tasbihi. Eustace, mwenyekiti wa Kikaango, fundi wa siku nyingi kutoka Nzega, alimvuta Asmahani pembeni kabla hawajaanza.

"Asmahani, irudishe kwa leo tu. Wageni wakiondoka, ifute utakavyo. Unajua kikao hiki kimehangaika kiasi gani kupata watu wa kututazama?"

"Kaka Eustace, nyuki hawaungui kwa leo tu."

Akapanda mbele. Ukutani ukatokea msitu, na chini yake chapa za warina asali zimepangwa kama vito: mistari miwili na duara, msalaba wenye mkia, nyayo ya ndege. Kila chapa na jina la mwenyewe na sura yake, Ciza na Niyokwizera na Inamahoro na wengineo, kila mmoja ameulizwa na amekubali. Pale palipokuwa na ramani palikuwa na msitu mtupu na maneno machache: *Msitu huu una wenyewe. Ukitaka kuona mizinga, njoo upelekwe.*

Majidi akafunga macho.

Kikaango kikawaka. Asmahani akasimama kando, mikono ndani ya mtandio, kimya, kama sharti linavyotaka.

"Tovuti ya asali isiyosema asali iko wapi! Hii ni bi harusi kafunikwa shuka, mahari ulipe kwanza!"

"Dada katuchorea msitu mtupu. Hata mimi nina msitu mtupu nyumbani, kichwani kwa baba yangu."

"Njoo upelekwe! Mnunuzi yuko Ulaya, apelekwe na nani, na punda?"

Watu wakacheka. Mkubwa mmoja wa kampuni hakucheka. Alimnong'oneza Majidi, na Majidi akasimama kabla chai haijaletwa.

"Wenzangu, tuache utani. Dada Asma, kampuni haitaki mashairi, inataka nukta. Kama wewe unaona aibu, tupe zenyewe, tutaziweka sisi. Kisha kila mtu na njia yake, kwa heri."

 Sharti lilimtaka Asmahani anyamaze, na chai ilikuwa bado jikoni. Hakuna aliyewahi kulivunja. Asmahani akamtazama Eustace, Eustace akatazama dari.

"Naomba mniwie radhi," akasema. "Mwezi ujao nikaangeni mara mbili. Leo nasema kabla ya chai."

Sauti yake ilikuwa ileile ndogo, na watu wakainama mbele ili waisikie.

"Kaka Majidi, sina nukta. Nimezifuta zote. Hata nikifungwa kamba hapa sina cha kutoa."

"Umefuta mali ya kampuni!"

"Nimekata kidole changu. Mizinga iko palepale, haijafutika, ina wenyewe na wanajua ilipo. Kampuni ikiitaka, iende Ulyankulu, iamkie, ile ugali, iombe kupelekwa. Mimi nilipewa amana nikaifanya mchezo, na makundi ya nyuki yakateketea kwa mchezo wangu. Siku nitakayosimamishwa mbele ya Mola, atakayeniuliza si wewe, wala si hawa wageni wako, Mungu awape heri. Huyo aliyesema bi harusi kafunikwa shuka kasema kweli. Bi harusi anafunuliwa na mwenye haki naye. Kadamnasi inangoja nje, inakula pilau."

Aliyesema maneno ya bi harusi akajipiga kofi pajani, akacheka peke yake, kisha akaona aibu akaacha.

"Kazi hii umeikosa," Majidi akasema. "Na zile nyingine zote."

"Nimeutua mzigo, kaka. Nitaukalia."

Na kweli, akavuta kiti, akakaa pale mbele, chini ya ule msitu ukutani. Wakubwa wakainuka wakaondoka, Majidi nyuma yao. Chai ikaja. Hakuna aliyejua la kufanya, mpaka Levina alipochukua kikombe akampelekea, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Kunywa, mpagazi."

Tusidanganye kwamba mambo yalinyooka. Kazi za mkoa hazikuja. Chumba cha ofisi kilirudishwa kwa mwenye nyumba, na zile kompyuta mbili zikahamia upande wa pili wa pazia, zikabanana na cherehani. Levina alianza kupiga picha za kipaimara na harusi ili wapate kusogea. Wapo mafundi waliosema Asmahani ana kiburi, na mpaka leo wanasema. Akisikia hufunika mdomo kwa mtandio, na huwezi kujua kama anacheka.

Kampuni ilileta mafundi kutoka Dar es Salaam, vijana wa mjini na kofia zao. Warina asali waliwapokea vizuri, wakawapa ugali, wakawasimulia habari za mvua. Kila walipouliza mizinga, wenyeji waliinua videvu kuelekea msitu mzima. Vijana walizunguka, shingo zikawauma, wakarudi. Ramani yao mpaka sasa ina nukta moja tu, kubwa, nzuri sana. Ukiigusa, inakupeleka sokoni Tabora.

Mwanzoni mwa msimu uliofuata, Anakleti alimpigia Asmahani simu. "Njoo," alisema, "na uvae viatu vya kutembea." Asmahani akaenda. Walitembea hata jua likawa utosini, wakafika chini ya myombo mrefu ambao hakuwa ameuona mara ya kwanza. Chini yake kulikuwa na mzinga mpya, gome bado bichi, mdomo wake umezibwa kwa nyasi.

"Huu hauna chapa," Asmahani akasema.

"Mwenyewe hajaiweka," Anakleti akamjibu, akampa kisu.

Asmahani alipiga magoti kwenye majani makavu. Alifikiri kidogo, kisha akachonga mraba, na pembeni yake mstari mmoja mfupi uliosimama wima: mzigo uliotuliwa, na fimbo ya mpagazi. Anakleti akautazama, akatikisa kichwa kukubali, akafunga kamba. Wakauvuta juu pamoja, na Asmahani akaishika kamba mpaka viganja vikachubuka.

Picha ya chapa hiyo sasa iko kwenye tovuti ya Tua Mzigo, pamoja na milango ya mninga, uji wa Cheyo, kwaya ya Urambo na kanzu za Mzee Nassibu. Kule Isikizya wanafunzi wake humuuliza kila mara, maana wanajua atajibu nini na wanapenda kumsikia.

"Mwalimu, mzinga wako uko wapi?"

"Msituni."

"Msituni wapi?"

Asmahani huinua kidevu chake kidogo, mikono ikiwa imetulia ndani ya mtandio, akaendelea na somo.